Siku Parfait Alipombeba Baba wa Mwenzake

Nianze na hili: Parfait si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu ukifika katikati utataka kumrushia kiatu. Mimi nilitaka, na alikuwa amekaa kwenye sakafu yangu na bisibisi mkononi.

Ana miaka ishirini na moja. Mrefu, mpole, kofia ya sufu kichwani hata Desemba. Kwao ni Troyeville, ghorofa ya nne, jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajajua kusoma. Anasomea diploma ya umeme kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Joburg, chuo sikitaji, kuna wakorofi wana mawakili. Ukiunguza plagi Observatory au Bertrams ukauliza Waswahili wa pale, watakupa namba yake. Kwangu alikuja kutengeneza soketi ya jiko. Kazi ya dakika ishirini. Ilichukua mchana mzima, kwa sababu katikati alianza kuongea na mimi sikutaka aache.

Mama yake, Hélène, ni fundi cherehani. Baba yake, Théodore, anakaa kwenye geti la jengo la ofisi Sandton, anaandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Wametoka Bukavu. Mwaka 2008, wageni walipoanza kupigwa na kuchomewa vibanda Alexandra, halafu moto ukasambaa mjini, Parfait alikuwa na miaka mitano. Walilala wiki mbili kwenye ukumbi wa kanisa. Kuanzia hapo mama yake akaweka sheria moja ya teksi na barabarani.

"Ufunge kinywa. Kama uko na kiu, ufunge. Kama unataka kukojoa, ufunge. Kiswahili ni ya nyumba."

Basi mtoto akafunga. Na alipofungua tena, kilichotoka kilikuwa Kizulu. Alikipata kwa Gogo Mthembu, yaani Bibi Mthembu, wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akikaa na watoto wa jengo zima mama zao wakiwa kazini. Huyu bibi alikuwa na tabia: mjukuu akimaliza uji, anamsifia kwa majina ya ukoo. Mvelase! Halafu yale mengine marefu, babu wa nani aliyemzaa nani, aliyevuka mto gani. Parfait naye alikuwa anamaliza uji. Bibi hakuona sababu ya kumruka. Kwa hiyo mtoto wa Bukavu alijua ukoo wa kina Mthembu wote kwa moyo kabla hajajua babu yake mwenyewe aliitwa nani.

Usicheke. Nusu ya watoto wenu wako hivyo hivyo.

Sasa chuoni. Pale hosteli ya wanaume kuna chama chao wanakiita Erthi. Ni vijana wa umeme na mitambo. Wametoa jina kwenye ule waya wa kijani na njano unaoshuka ardhini, ule ambao usipokuwepo mashine inakupiga shoti. Wanasema mtu naye ni hivyo hivyo, asiyeshikwa na ardhi ya wazee wake atakuja kukuunguza. Wana makoti ya kijivu yenye nembo begani. Wasichana wa hosteli ya ng'ambo nao wana umoja wao, wanafunga vilemba vya rangi moja na hawasalimiani na asiyekuwa nacho. Mimi mambo haya huwa yananichosha. Watu wazima wanakuita ndugu, halafu wanakudai ushahidi.

Lakini nitakuwa mkweli: kule ukiwa nje ya Erthi umekwisha. Wao ndio wenye mitihani ya zamani. Ndio wanaokufundisha hesabu bure Jumamosi, ndio wanaokupeleka kwa mafundi wao wa zamani upate mafunzo kazini, na bila mafunzo kazini diploma hupewi.

Kuingia ni Jumapili moja ya Februari, mchana, kwenye ua wa kuanikia nguo. Wanaleta lile gurudumu kubwa la mbao ambalo kampuni za umeme zinazungushia nyaya. Mgeni anapanda juu. Anasema sifa za ukoo wake, vizazi vinne. Akikwama anashushwa, na mwaka mzima anaitwa "Wayaless", asiye na waya, na kuosha masufuria ya wengine.

Parfait alikuwa wa tisa kwenye foleni. Mbele yake alipanda kijana Mvenda akasema za kwao, Mpedi akasema za kwao. Mmoja kutoka Durban, Mhindi, alitaja meli iliyomleta babu wa babu yake na kijiji alichotoka, wakampigia makofi, akakubaliwa. Hapo ndipo mimi niliposhika kichwa.

"Parfait, subiri. Mhindi alipita?"

"Alipita."

"Kwa hiyo hata wewe ungesema za Bukavu ungepita?"

"Ningesema nini? Sikuwa na kitu cha kusema. Najua jina la baba. Basi."

Akapanda. Akafungua mdomo, na uji wa Gogo ukatoka wote. Mvelase, na yule aliyemzaa yule, na mto, vizazi sita badala ya vinne. Ua ukalipuka kwa shangwe. Kijana mmoja wa mwaka wa pili akaruka kutoka nyuma, akamkumbatia Parfait miguu akiwa bado juu ya gurudumu.

"We! Huyu ni wangu! Huyu ni damu yangu!"

Ndiye Sipho Mthembu, wa Alexandra. Akamuuliza sasa mbona kwenye orodha ya chuo ana jina la Kikongo. Na Parfait, akiwa bado anashangiliwa, akajibu kitu ambacho hakuwa amekipanga: baba yake mzazi alikuwa Mthembu, alikufa zamani. Mama aliolewa na Mkongo, na jina la huyo ndilo aliloandikishwa.

Sentensi mbili tu. Amemuua baba yake na kumleta mwingine.

Kwa miaka miwili na nusu baada ya hapo Parfait alikuwa na kaka. Simaanishi rafiki. Sipho alimpitisha hesabu za mwaka wa kwanza kwa kumpiga kofi la kisogo kila akikosea. Wikendi walikuwa Alexandra, kwa baba yake Sipho, mzee mchomeleaji vyuma aliyestaafu, mjane, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Mzee alimfundisha kuchomelea geti. Akamwita mwanangu. Mwaka jana wakachinja mbuzi, mzee akamwaga pombe chini na kumtaja Parfait kwa wazee wake kwa jina: huyu alipotea, amerudi. Parfait akala nyama ile. Anasema ilikuwa tamu, na kwamba hilo ndilo linalomuumiza.

Agosti hii mzee akafa. Mapafu. Siku nne hospitalini, ya tano hayupo.

Kina Mthembu wana desturi ambayo wengi mmeiona bila kujua ni nini. Mtu akifia hospitalini, maiti inakwenda mochwari lakini roho inabaki pale kitandani haijui njia. Lazima ndugu wa ukoo aende na tawi la mti wao maalumu wenye miiba, aiite kwa sifa za ukoo, ailete nyumbani. Njiani aliyebeba tawi haongei na mtu yeyote ila marehemu. Anamwambia kila hatua: tunatoka mlangoni, tunapanda gari, tunavuka mto. Ndani ya teksi tawi linalipiwa kiti. Dereva naye anyamaze.

Shangazi yake Sipho, Anti Thokozile, ndiye aliyeshika msiba. Wanaume wa ukoo walikuwa bado kwao Msinga, wangefika siku ya mazishi. Na kwao mtoto wa kumzaa habebi tawi la baba yake, maana atalia, na marehemu akisikia kilio anageuka.

"Sipho ataendesha," Anti akasema. "Mvelase mdogo atabeba."

Jikoni kulikuwa na wanawake saba wanamenya viazi. Wote wakamgeukia Parfait.

"Anti, mimi Ijumaa nina jaribio."

"Jaribio." Anti akaweka kisu chini. "Baba yako yuko kwenye friji, wewe una jaribio."

"Labda mtu mkubwa zaidi..."

"Mkubwa yupi? Nimfinyange? Alikutaja kwa wazee, mwanangu. Wewe unamjua kuliko hao wa Msinga wanaokuja kwa ajili ya nyama."

Wanawake wakacheka. Parfait akasema sawa.

Hapa nilimkatiza. Nilimwambia pale pale ndipo pa kusema, jikoni, mbele ya viazi. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza fundi mwingine akimwambia waya ulipokatika baada ya nyumba kuungua.

Ijumaa asubuhi wakaenda na Corolla ya marehemu. Sipho mbele, Parfait nyuma na tawi, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Wodini, kitanda tayari kilikuwa na mgonjwa mwingine, babu mmoja mwembamba na mpira wa hewa puani. Alipoliona tawi akaelewa mara moja.

"Njooni, njooni. Mchukueni. Ila mhakikishe ni yeye, mimi bado nipo nipo."

Parfait akaligusisha tawi kwenye godoro. Akasema Mvelase na majina yote, sauti yake ikatulia, nesi akasimama na toroli lake la dawa akainamisha kichwa. Akasema: Baba, mimi na Sipho tumekuja kukuchukua, twende nyumbani. Wakatoka. Akamwambia marehemu hapa ni korido, hapa ni ngazi, hapa ni gari lako. Akalifunga tawi mkanda wa kiti cha nyuma, akakaa kando yake.

Anasema hadi robot ya tatu, taa za barabarani, alikuwa anaweza. Barabara ya Louis Botha magari yalikuwa hayaendi, teksi mbili zimegongana mbele. Corolla ikasimama. Na yeye maneno yakakata. Alikuwa anaangalia lile tawi lenye mkanda na akaona wazi: kuna mtu hapa amekaa, ametoka hospitalini kwa sababu nimemwita, na amenifuata akidhani mimi ni mtoto wa ukoo wake.

Sipho hakuruhusiwa kuongea. Akagonga usukani kwa kidole. Ongea. Utampoteza. Akagonga tena.

Parfait akaongea. Kwa Kizulu, akiliangalia tawi, kwa sauti ile ile ya kutaja ngazi na korido.

"Baba, tumesimama kwenye robot. Baba, mimi siye Mvelase. Majina haya niliyasikia kwa bibi wa jengo letu, nilikuwa nakula uji. Baba yangu hajafa. Anaitwa Théodore, ni Mshi wa Bukavu, ni askari wa geti."

Kidole cha Sipho kikaacha kugonga.

"Mwaka jana alikuja hosteli na bakuli la sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Sipho akaniuliza yule ni nani. Nikasema, huyo? Ni bwana wa mama tu. Nilisema Kizulu nikidhani hasikii. Baba, yule mtu ana miaka kumi na tano kwenye lile geti, anasikia kila kitu. Alinipa bakuli. Akaniambia, 'Ukule ingali moto.' Akasalimia Sipho, akaenda. Mpaka leo hajaniuliza. Baba, tunaondoka sasa. Robot imekuwa kijani."

Haikuwa kijani tu, watu walikuwa wanapiga honi nyuma. Sipho akaingiza gia. Kutoka pale hadi Alexandra ni dakika ishirini, na ndani ya lile gari kulikuwa na watu watatu na mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuongea. Akaendelea na kazi yake. Tunapinda kushoto, Baba. Hapa ni London Road, Baba. Tunavuka mto Jukskei, Baba. Kwenye kioo aliona macho ya Sipho mara moja tu, na yakaondoka.

Nyumbani, Anti Thokozile alikuwa getini na mkeka. Sipho akashuka wa kwanza, akasimama mbele ya mlango wa nyuma wa gari.

"Anti, usilipokee."

Akasema yote. Haikuchukua muda. Uongo huu hata ukiuelezea polepole ni mfupi.

Wanawake wa viazi wakatoka. Na hapo likazuka swali ambalo hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Sasa aliyemo humo ni nani?"

"Ni marehemu. Si ametolewa kitandani?"

"Ametolewa na nani? Wewe ukiitwa na mtu usiyemjua utamfuata?"

"Kama ana gari, namfuata."

Mmoja akacheka, Anti akamwangalia, akaacha. Mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, akasema kwa sauti kwamba yeye alijua siku nyingi, hawa makwerekwere, ndivyo wanavyotutukana wageni, wataiba hadi wafu.

"Wewe funga mdomo," Anti akamwambia bila kugeuka. "Hapa si foleni ya mkate."

Halafu akainama dirishani. Parfait alikuwa bado amekaa, tawi kando yake na mkanda wake, hajui kama bado anakatazwa kuongea na walio hai.

"Ulikula mbuzi wetu."

"Ndiyo, Anti."

"Kaka yangu alikutaja."

"Ndiyo, Anti."

"Nitawaambia nini? Nitakufutaje kule? Niambie wewe uliyesoma."

Hakumtukana. Parfait anasema afadhali yule wa spaza.

Uamuzi ulikuwa kurudi. Tawi jipya, mwanzo hadi mwisho. Safari hii Sipho abebe mwenyewe, alie asilie. Na nani aendeshe? Wanawake wakatazamana, hakuna mwenye leseni. Leseni alikuwa nayo Parfait, Sipho ndiye aliyemfundisha, kwa Corolla ile ile.

"Dereva ni dereva," Anti akasema. "Hata teksi zinawabeba marehemu, na wenye teksi hatuwajui."

Kwa hiyo akaendesha. Yule babu wa wodini alipowaona tena akajivuta blanketi hadi kidevuni. "Nyinyi tena? Kwani alirudi?" Sipho akaligusisha tawi kwenye godoro na kusema, Baba, samahani kwa usumbufu, aliyekuja kwanza hakuwa wetu.

Njia nzima Sipho alikuwa nyuma akiongea na tawi, na Parfait mbele, mikono kwenye usukani, amekatazwa kujibu. Sipho hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha. Louis Botha, robot ile ile, akasema:

"Baba, tumesimama. Anayeendesha ni Parfait, yule uliyemfundisha kuchomelea. Ana baba yake. Yuko hapa karibu, Sandton. Mimi yule mzee nilimsalimia na mkono mmoja mfukoni, nikamwita uncle, kwa sababu niliambiwa si kitu. Nisamehe kwa hilo, Baba. Hukunilea hivyo. Tunaondoka sasa."

Parfait akaendesha.

Walipofika, tawi likaingia ndani na kina Mthembu wote nyuma yake. Yeye akabaki kwenye gari, injini inawaka, mpaka watu wa hema walipogonga kioo wakamwambia asogeze, wanataka kupita. Akasogeza. Funguo akampa Anti dirishani. Mazishi alihudhuria, akasimama na majirani.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Sipho hajamwambia mtu hosteli. Hakuna hata mmoja wa Erthi anayejua. Wanapishana kwenye ngazi, wengine wanapiga kelele "Mvelase!", na Sipho anasema, "Habari, Parfait," kwa adabu, anapita. Kila mara. Vijana wameanza kuuliza kuna nini. Parfait akiitwa Mvelase anainua mkono. Bado anainua mkono, jamani.

Ndipo aliponiambia niandike, hapa kwenye safu yangu. Na jina lake niweke. Sharti moja tu: iwe Kiswahili.

Nilimwambia hapo hapo kwamba huo ni woga. Hosteli yote hakuna anayesoma Kiswahili. Ni kama ulivyomwambia marehemu, nikasema, unachagua watu wasioweza kukujibu.

Akafunga skrubu ya mwisho ya soketi, akawasha jiko, likawaka.

"Wale nitawaambia Jumapili kwenye mkutano, kwa mdomo wangu. Nimeshamwambia Sipho anisubiri." Akasita, akitafuta Kiswahili, akakipata kwa vipande. "Baba ndiye siwezi. Nimejaribu mara nne. Anaweka redio. Ye anasomaka wewe kwenye simu, kule getini, kila Alhamisi. Minajua, anacheka peke yake."

Basi nimeandika, na leo ni Alhamisi. Mzee Théodore, ukimaliza kusoma usimpigie mtoto simu. Atapokea na hatasema kitu, mtamaliza dakika zenu bure. Jumapili baada ya mkutano atakuja nyumbani kula. Zima redio.